Gitaa la Pili ni la Kazi Gani? Maswali na Majibu

Barua za safari hii ni nyingi na nusu yake zinauliza jambo lile lile. Nimechagua saba. Mnaoniuliza bei, nendeni dukani, mimi siuzi.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu anapiga katika bendi ya harusi hapa Malindi. Ana magitaa mawili, sasa anataka la tatu. Yote yana nyuzi sita. Ananichezea? (Mama, Barani)

Marahaba mama. Kabla hujafungua kibindo mwulize: hilo la tatu litafanya kazi gani ambayo haya mawili yameshindwa? Akikutajia nyimbo, au mahali anapokwenda kupiga, msikilize. Akikutajia rangi, funga kibindo chako.

Mvuvi wa Mayungu ana mshipi, ana dema na ana jarife, na vyote ni vya kuvulia samaki. Hakuna anayemwambia atupe viwili. Nyuzi sita nazo ni idadi tu. Gitaa la nyuzi za nailoni, lile ambalo fundi Antonio de Torres wa Uhispania alilipa umbo lake katika karne ya 19, lina shingo pana, kama milimita 52 pale juu karibu na kichwa, ili vidole vipate nafasi ya kuchomoa uzi mmoja mmoja. Sauti yake ni laini. Hilo ndilo la kupiga hotelini wageni wakila. Gitaa kavu la nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi, kama milimita 43. Hilo ni la kucharaza, likamfuata mwimbaji hata pasipo na spika.

La umeme ni chombo kingine kabisa. Tumbo la mbao si tegemeo lake. Tegemeo ni pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya, inayousikia uzi wa chuma unapotikisika. (Msinitumie tena barua za kuuliza kwa nini pikapu hizo hazisikii nailoni. Nailoni si chuma.) Na humo ndani ya umeme mna koo mbili kubwa. Telecaster ya Fender ya mwanzo wa miaka ya 1950, na Stratocaster iliyofuata 1954, zina pikapu za koili moja: sauti kali, yenye makali ya kisu, inayopenya juu ya ngoma na besi. Mpiga solo wa benga anaitafuta hiyo. Les Paul ya Gibson ilitoka 1952, na kuanzia 1957 ikatiwa pikapu za koili mbili alizobuni Seth Lover: sauti nene, iliyoshiba. Hata urefu wa uzi si mmoja. Fender ni milimita 648, Gibson kama 628. Kwa macho ni kidogo, ila vidole vinajua: uzi ule ule, kwa noti ile ile, kwenye Gibson unakuwa mlegevu kidogo na kuupinda ni rahisi.

Kisha kuna sababu ambayo vijana hawaitaji nyumbani. Uzi hukatika. Ujanani nilikwenda kupiga harusi na gitaa moja, la daraja la springi (daraja ni kile kipande kifuani mwa gitaa kinachoshika nyuzi). Bibi harusi anaingia, uzi wa pili ukakatika. Kwenye daraja la namna hiyo, uzi mmoja ukienda, springi hulivuta daraja nyuma na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote, kila mmoja kwa kiasi chake. Gitaa zima likatoka nje ya sauti. Mpiga besi aliubeba wimbo peke yake huku mimi nimesimama. Familia ile ilikuwa imelipa, na saa ile hairudi. Sijapanda jukwaani tena bila gitaa la akiba.

Kwa hiyo mama, mawili kwa mtu anayelipwa ni lazima. La tatu alieleze mwenyewe, na kwa utulivu.

Gitaa gani ni bora kuliko yote? (Msomaji, Watamu)

Bora kwa wimbo gani? Andika upya.

Nimenunua gitaa la mtumba, la nyuzi za nailoni. Sauti ilikuwa ndogo, nikalivisha nyuzi za chuma. Sasa daraja linanyanyuka. Nitie gundi gani? (Kijana, Mambrui)

Zilegeze nyuzi hizo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nimelisema jambo hili mara nyingi hata naona uchungu kulirudia, maana kila ninaporudia kuna gitaa limeshakufa. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa pamoja kilo 70 na zaidi. Za nailoni huvuta karibu nusu ya hapo. Gitaa la nailoni lina ubao mwembamba juu, mbavu nyepesi ndani, na mara nyingi shingoni hamna fito ya chuma ya kuizuia isipinde. Umempakia mwanapunda shehena ya jahazi. Sauti ilikuwa ndogo kwa sababu ndiyo sauti yake. Ukitaka kubwa, weka maikrofoni mbele yake, au nunua gitaa kavu lililoundwa kwa chuma.

Usiguse gundi ya papo kwa papo. Ikikauka huwa ngumu kama kioo, hupasuka, na fundi wa baadaye hawezi kuibandua bila kung'oa mbao. Daraja libanduliwe lote, pande mbili zisafishwe mpaka mbao zionekane, litiwe gundi nzuri ya mbao, libanwe na liachwe siku nzima. Mpelekee seremala mwenye mkono wa samani ndogondogo, na umwambie wazi kwamba ubao ule ni mwembamba.

Wengine wote: nyuzi zikifungwa fundo kwenye daraja, hilo ni la nailoni. Zikiwa na kishanga cha chuma mwishoni, kinachobanwa na kipini, hilo ni la chuma. Hakuna la kubahatisha hapo.

Sisi vijana wa Langoni tunapiga taarab kwa gitaa. Mzee mmoja ametuambia tunaiharibu. Kwani gitaa haliwezi kushika nafasi ya udi? (Lamu)

Mzee amesema kweli, ingawa huenda hakuwaeleza kwa nini, nanyi mna haki ya kuelezwa.

Shingo ya gitaa ina freti, vile vyuma vinavyoikatiza, na freti hizo zimeigawa oktavu, yaani safari ya kutoka noti moja hadi noti ya jina lile lile juu yake, vipande 12 vilivyo sawa. Udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, hauna freti. Kidole kinatua popote sikio linapotaka, na sikio la muziki huu hutaka mahali ambapo freti hazipo. Maqamu, yaani ngazi za noti za muziki huu, kama Rasti na Bayati yana noti inayokaa katikati ya freti mbili. Mkiipiga kwa gitaa mtachagua ya juu au ya chini, na yoyote mtakayochagua si yenyewe. Msikilizaji mzima wa Lamu ataisikia kasoro hata kama hana jina la kuipa. Tena udi kwa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake, na nyuzi mbili zinazopigwa pamoja kwa risha zina mguno ambao uzi mmoja wa gitaa hauna.

Sisemi gitaa lifukuzwe. Taarab ya Mombasa imepokea gitaa, kodiani na kinanda tangu zamani, na katika Nahawandi au Ajamu, maqamu yasiyo na noti ile ya katikati, gitaa litakaa vizuri. Lishikeni kama msindikizaji. Wapo pia wanaong'oa freti na kuziba nafasi zake, likawa gitaa tupu la shingo laini. Linasogea kuelekea udi, halifiki.

Lakini sasa nawaomba jambo ambalo hamkuuliza. Zein l'Abdin alizaliwa Lamu, akaufanya udi wa pwani hii usikike mbali, na alifariki 2016. Kwenu nyinyi, gitaa la pili liwe udi. Wazee wanaojua kukaza jozi zile na kufundisha maqamu kwa mdomo bado mnao mitaani. Nendeni mkakae nao kabla hamjanunua kitu kingine chochote chenye plagi.

Gitaa langu la umeme huvuma "ngooo" tukipiga kwa jenereta. Je, ni bovu? (Msomaji, Mpeketoni)

Si bovu. Pikapu ya koili moja inakamata kila kitu kama antena, na umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde; unausikia huo, pamoja na taka za jenereta na mataa ya jukwaa. Jaribu kugeuka ulipo: kuna pembe ambapo mvumo hushuka. Ondoka karibu na amplifaya. Zile pikapu za koili mbili zilibuniwa kwa ajili ya ugonjwa huu, koili moja imewekwa kinyume na nyingine, mvumo unafutana na sauti ya uzi inabaki. Kwa harusi za jenereta, hiyo ni sababu halali ya kuwa na gitaa jingine.

Ila nisikilize hapa kwa makini. Mdomo ukigusa maikrofoni ukapigwa na umeme, hilo si suala la mvumo. Waya wa ardhi haupo au umekatika. Acheni kupiga, zimeni, mwiteni fundi umeme. Na yeyote aliyeng'oa mguu wa ardhi kwenye plagi ili mvumo utulie amewawekea wenzake kifo jukwaani.

Nyuzi zangu hushika kutu ndani ya wiki mbili. Nimeuziwa feki? (Shela)

Ni bahari. Nawa mikono kabla ya kupiga, hasa ukitoka kula viazi karai, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na gitaa lilale ndani ya boksi lake. Nyuzi zilizopakwa utando hudumu zaidi. Barazani kwako Shela mimi ningepiga la nailoni: nyuzi tatu nyembamba haziwezi kushika kutu, zile tatu nene zitasawijika tu. Mbao nazo hunywa unyevu, ubao ukatuna na nyuzi zikawa juu. Usikimbilie kusaga daraja, subiri kaskazi ikaushe hewa uone. Na msiache gitaa ndani ya gari adhuhuri. Gundi hulainika.

Binti yangu ana miaka tisa. Aanze na gitaa kavu au la umeme? Naambiwa lazima kavu ili vidole vikomae. (Baba, Malindi)

Hiyo "lazima" imewatoa watoto wengi kwenye muziki. Nyuzi za chuma za gitaa kavu ndizo zinazoumiza zaidi. Za umeme ni nyembamba, za nailoni ni laini. Mwulize binti anapenda kusikia nini, kisha mpe chombo chenye sauti hiyo. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, 1952, alitumia gitaa kavu moja, dole gumba na kidole cha shahada, na mpaka leo watu wazima wanahangaika kumfuata. Fundi Konde, mwanamuziki Mgiriama wetu, aliuendea umeme wakati wenzake wengi Afrika Mashariki hawajaugusa. Kila mmoja alifuata sauti aliyokuwa nayo kichwani.

Kwa miaka tisa ningetafuta la nailoni la ukubwa wa robo tatu, mkono wake uzunguke shingo bila bega kupanda. Likiwa la mtumba, livishe nyuzi mpya, za nailoni, kabla hujamkabidhi.