Maswali na majibu: kampuni changa na seva yake

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaoanzisha kampuni ndogo na wanaotaka kuendesha wenyewe tovuti na barua pepe zao. Zilizofanana nimeziunganisha.

Ndugu mwandishi, tupo watatu, na mmoja wetu anaifahamu Linux vizuri. Je, ni busara kuendesha kila kitu wenyewe tangu siku ya kwanza?

Tovuti, ndiyo. Seva moja ya kukodi yenye Linux na Nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti, huwatosha wengi kwa muda mrefu, na ikiharibika mnaweza kusimamisha nyingine kwa saa chache iwapo mliandika hatua zote mlizozifuata. Barua pepe ni habari nyingine, kwa sababu tovuti inawategemea ninyi tu, ilhali barua inategemea pia hiari ya seva ya anayepokea, ambayo haina wajibu wowote wa kuwaamini.

Hata hivyo, kabla ya kulipia seva yoyote, angalieni jina la kikoa, yaani jina la tovuti na barua zenu kwenye intaneti, limesajiliwa kwa nani. Seva hubadilishwa na programu hubadilishwa, lakini mwenye akaunti ya kikoa ndiye anayeamua barua zenu ziende wapi. Nimekuta zaidi ya mara moja kikoa cha kampuni kikiwa kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti ya kwanza na ambaye siku hizi hapokei simu. Kisajilini kwa jina la kampuni, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, na anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ndani ya kikoa hicho hicho, kwani siku kitakapokwama, barua ya kurejesha nenosiri itatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Hata wakubwa wameonja jambo linalofanana na hilo: tarehe 4 Oktoba 2021 seva za DNS (mfumo unaogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za mashine) za Facebook zilitoweka kwenye intaneti kwa takribani saa sita, na zana nyingi za ndani ambazo mafundi wake wangezitumia kutafuta hitilafu zikazimika pamoja nazo.

Tumesakinisha Postfix, programu ya seva ya barua, na barua zinatoka, lakini wateja wanazikuta kwenye barua taka au hawazioni kabisa. Rekodi ya SPF tumeiweka. Tumekosea wapi?

Huenda Postfix haina kosa lolote. Kanuni za SMTP, ambazo seva za barua huzungumza kwazo, ziliandikwa mwaka 1982, wakati mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na aliyejitaja kwa jina fulani aliaminiwa. Mengi yaliyoongezwa baadaye ni viraka vya kujibu swali moja: huyu anayebisha hodi ni nani hasa? SPF hutaja anwani za IP, yaani namba za mashine, zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa, DKIM hutia sahihi ya kidijitali kwenye barua yenyewe, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini pale ambapo hakuna kati ya hizo mbili iliyothibitisha kikoa kinachoonekana kwenye mstari wa mtumaji. SPF peke yake haitoshi, kwa kuwa hukagua anwani ya bahasha, yaani ile ambayo seva huambiana zinapokabidhiana barua na ambayo kwa kawaida msomaji haioni, na kwa kawaida huvunjika mara barua inapoelekezwa kutoka sanduku moja hadi jingine, kwani seva iliyoipitisha haimo kwenye orodha yenu. Sahihi ya DKIM husafiri na barua, mradi isiguswe njiani.

Msomaji huyu aliniambatishia mstari wa "Authentication-Results" kutoka kwenye chanzo cha barua moja iliyopotelea kwenye taka, nao ulisomeka hivi: spf=pass, dkim=none, dmarc=fail. Wengi huiona "pass" ya kwanza wakaridhika. Kumbe bahasha ilibeba kikoa chao cha zamani, ilhali mstari wa mtumaji ulionyesha kipya, na DKIM haikuwapo. SPF ilipita kweli, lakini ilikithibitisha kikoa ambacho hakuna aliyekiuliza. Rekebisheni anwani ya bahasha, kisha wekeni DKIM.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetumia Gmail kupokea hatumiwi barua kwa urahisi na seva isiyo na SPF wala DKIM, na Google humtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC. Google pia inataka anwani ya IP iwe na rekodi ya PTR, yaani jina linalopatikana kwa kuitafuta anwani kinyumenyume, na jina hilo lirudi kwenye anwani ile ile. Rekodi hiyo hamwezi kuiweka kwenye DNS ya kikoa chenu, kwani anayeisimamia ni mwenye anwani, kwa kawaida kampuni inayowakodishia seva. Iombeni mapema, na muulize pia kama wamefunga poti ya 25, mlango ambao seva hupitishiana barua, kwa barua zinazotoka, maana wengi huifunga.

Mkishayatimiza hayo yote, bado kuna sifa ya anwani yenyewe. Kukodi seva ni kama kuhamia nyumba ambayo mpangaji aliyetangulia aliacha madeni: wadai watakuja kugonga mlango wenu. Itafuteni anwani kwenye orodha za Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazotuma barua taka, kabla ya kujenga chochote juu yake, na ikiwa imo, ombeni nyingine. Ikiwa safi, anzeni kwa barua chache kwa siku na kuongeza polepole.

Msimamo wangu, ambao najua utawaudhi baadhi ya wapenda uhuru kamili, ni kwamba kampuni changa ipokee barua zake yenyewe, kwa Postfix na Dovecot, programu inayowafungulia watumiaji masanduku yao, lakini ankara na barua za kurejesha nenosiri izipitishe kwa huduma ya kutuma ambayo kazi yake ni kulinda sifa ya anwani zake. Kikoa kikiwa chenu, huduma hiyo mnaweza kuibadilisha kwa kugusa rekodi chache za DNS.

Seva yetu ikizimika usiku kucha, je, barua zinapotea?

Kwa kawaida hazipotei. Seva iliyotuma huziweka kwenye foleni na kujaribu tena, na Postfix, kwa mfano, hukata tamaa baada ya siku 5 isipobadilishwa. Hatari iko kwingine: seva iliyowaka ikiwa imesanidiwa vibaya hujibu kwa namba inayoanza na 5, kama 550, ambayo maana yake ni kukataa moja kwa moja, na barua hurudi kwa mtumaji papo hapo. Mnapofanya matengenezo, ni afadhali kuzima kabisa.

Fundi wetu anasema data iko salama kwa sababu kila kitu kinaandikwa kwenye diski mbili kwa pamoja. Nimwamini?

Mwaminini kuhusu diski kufa, basi. Mtu akifuta faili, litafutika kwenye diski zote mbili kwa sekunde ile ile. Nakala rudufu lazima iwe mahali pengine, na nasisitiza jengo jingine: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake.

Kisa kinachonifundisha zaidi, hata hivyo, ni cha GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kwa makosa data ya seva kuu ya hifadhidata. Walipoziendea nakala, wakakuta zile za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya, kwa kuwa programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokea kwa sababu ya DMARC. Walipoteza data ya saa zipatazo sita. Kwa hiyo msimwulize fundi kama nakala zipo. Mwambieni airejeshe moja kwenye mashine tupu mbele yenu, huku mkitazama saa.

Cheti cha usalama kinajihuisha chenyewe, lakini programu za barua zinalalamika kuwa kimekwisha. Inawezekanaje?

Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 shirika hilo halitumi tena barua za kukumbusha. Chenu kimehuishwa kwenye diski, lakini Dovecot bado inashikilia cha zamani kwenye kumbukumbu yake, kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya. Wekeni amri ya kuipakia upya Dovecot, na Postfix pia, mara baada ya kila uhuishaji. Kosa hili nililifanya mwenyewe, na nilipoteza asubuhi nzima nikilitazama faili lenye tarehe sahihi. Sasa mashine nyingine huunganisha kila siku kwenye poti ya 993, ambayo programu za barua huitumia kusoma barua, na kusoma tarehe ya cheti kinachotolewa pale mlangoni.