Kadre ya baiskeli haina jina? Anza na vitu visivyofunguka

Hapa Lubumbashi kila kinga (baiskeli) ya course, ile ya mashindano, yenye kushuka mu kontena toka Bulaya inaitwa Eddy Merckx, jina la yule bingwa Mubeleji wa mbio, na kila kinga nyeusi yenye fren (breki) za vyuma inaitwa Raleigh, ya Waingereza, hata kama ilizaliwa Shanghai. Nenda soko ya Kenya, mtaa wetu hapa, uulize, utaniambia. Sasa miye nilinunua Eddy Merckx yangu mwaka juzi, dola 40, kadre (fremu) na furshi (uma wa gurudumu la mbele) tu, hakuna pedalie (ekseli ya katikati inayozungushwa na pedali), hakuna magurudumu, hakuna plake ya mbele yenye jina la kiwanda, hakuna hata herufi moja popote, ila rangi yake ilikuwa ya machungwa kabisa, ile ya timu ya Molteni ambayo Merckx alikuwa anakimbia nayo miaka ya 70. Nikamuuliza muuzaji jina liko wapi. Akasema, "Papa, si unaona rangi? Jina ya nini tena?"

Nikalipa.

Naandika hii juu siku hizi watu wananitumia picha za kadre kwa WhatsApp, "yaya, hii iko ya kiwanda gani", na picha yenyewe imepigwa usiku, upande mmoja, kadre imeegemea ukuta na mtoto amesimama mbele yake. Kwa picha ile hata Merckx mwenyewe hawezi kukujibu.

Basi hasara yangu kwanza. Kesho yake nikanunua vikombe vya pedalie, vile viwili vya skrubu vinavyoshika ekseli pande zote, vya kawaida vinavyouzwa kila mahali, nikarudi nyumbani Katuba, nikageuza kadre chini juu, nikapaka grese, nikaanza na upande wa kushoto. Kikombe kikaingia kwa vidole tu, kimelegea kidogo, nikafurahi. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kikakaza. Mtu mwenye akili angekitoa. Miye nikasema labda ni kutu, nikachukua ufunguo mkubwa nikauongeza kipande cha bomba nipate nguvu, nikasikia krrr, na nilipokitoa kile kikombe kulikuwa na kiuzi chembamba cha chuma kinang'aa, kimejiviringa kama unywele ndani ya grese. Hiyo ndiyo ilikuwa filetaji ya kadre yangu, ile mistari ya skrubu ya ndani. Upande wa kuume kikombe kilikataa hata kuanza.

Nikabeba kadre mpaka kwa fundi mmoja mzee wa Kamalondo. Hakuniuliza jina ya kinga. Aliingiza kidole mu tundu la pedalie, akakizungusha pole pole kama mtu anayetafuta mwiba, akaniangalia. "Mwana, nani alikuambia hii iko Mwingereza?" Nikamwambia hapana papa, iko Mubeleji, iko Eddy Merckx. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kile alichonionyesha siku ile ndicho nataka kuwapa. Kinga ya zamani imepita mikononi mwa watu wengi, na kitu chochote kinachofunguka kwa ufunguo usikiamini. Gido (usukani), sele (kiti), magurudumu, pedali, hata plake ya mbele, maana ile plake inashikwa na misumari miwili midogo tu, asubuhi iko ku kinga moja, mchana iko ku ingine. Rangi ndiyo mwongo mkubwa kuliko vyote. Lakini kuna vitu vilichomewa ama kuchongwa kiwandani, huwezi kuvibadilisha bila kuumiza kadre: tundu la pedalie, unene wa mabomba, upana wa nyuma, na vile vipande viwili vya chuma vinavyoshika gurudumu la nyuma. Anza hapo.

Tundu la pedalie ndilo pasipoti. Lisafishe na petroli na brosi ya meno mpaka mistari ing'ae, kisha pima upana wa lile bomba toka ukingo hadi ukingo. Ya Kiingereza ya kawaida ni milimita 68, na kikombe cha upande wa sheni (mnyororo), yani wa kuume, kinafungwa kinyume, yani unakizungusha kushoto ndio kinakaza. Hiyo ndiyo imeenea dunia nzima, ndiyo maana vikombe vyake viko kila soko. Mwitalia ana milimita 70, tundu lenyewe ni pana zaidi, 36, na pande zote mbili zinakaza kuume. Mfaransa wa zamani ana 68 sawa na Mwingereza, hapo ndipo anapokudanganya, lakini tundu lake ni la milimita 35, toka mstari hadi mstari ni milimita 1 kamili, na pande zote mbili zinakaza kuume. Kikombe cha Kiingereza ni kama 34.8, mistari 24 kwa inchi, yani hatua yake ni karibu 1.06. Ukikiingiza kwa Mfaransa kinaingia kimelegea, halafu ile tofauti ndogo inajumlishwa mstari kwa mstari mpaka kinakabwa. Upande wa kuume hakianzi hata kidogo juu mistari inapanda njia ingine. Ukiona hayo mawili pamoja, weka ufunguo chini, nenda kunywa maji.

Kama huna kipimo cha filetaji, fanya kama mzee: acha grese kidogo tu mu mistari, chukua kipande cha karatasi, kikandamize ndani na dole gumba, kitoe. Mistari itajichora. Hesabu hatua 20 uzipime. Zikija milimita 20 uko Ufaransa, zikipita 21 kidogo uko kwa Mwingereza wa kawaida ama Mwitalia, upana utawatenganisha, na zikifika 19 na nusu kuna habari nyingine nzuri, nitaisema chini. Na kama vikombe vya zamani bado vimo, usivitoe mbio, soma kwanza uso wao, mara nyingi imechongwa pale 35x1, au 36x24, au 1.37x24 (ya Mwingereza, kwa inchi), kazi imekwisha.

Mabomba sasa. Hapa unahitaji piyakulisi, kile kipimo cha mafundi ajusteri, azima tu kwa mtu, hakuna familia Lubumbashi ambayo haina mjomba aliyepita Gécamines, kampuni ya migodi. Kwa kadre za chuma za zamani bomba la chini la Mwingereza na Mwitalia ni 28.6 na la juu 25.4. La Mfaransa ni 28 na 26. Kwangu yalikuja 28.3 na 26.3, nikachanganyikiwa siku mbili nzima, kumbe rangi ya machungwa ilikuwa imepakwa nene kama ya mlango. Nikakwangua nafasi ndogo upande wa chini ambapo haionekani, ikawa 28 na 26. Kwa hiyo kwangua kwanza. Na gido ilikuwa imekwisha kuniambia hiyo hiyo habari, shingo yake ya 22.2 ilikataa kuingia mu furshi juu Mfaransa wa zamani ni 22.0, miye nikadhani furshi imepindika.

Upana wa nyuma, kati ya vile vyuma viwili, unakupa umri kuliko jina. Kwa kinga za course 120 ni ya vitesi (gia) tano nyuma, basi miaka ya 60 ama 70. 126 ni ya sita au saba, na 130 ni za baadaye. Yangu ilikuwa 120, na hakuna hata kishikio kimoja cha kabo (waya za breki na gia) kilichochomewa, vyote vilikuwa vya kufungwa na vis, alama ya kadre ya zamani. Merckx alifungua kiwanda chake mwenyewe pale Meise mwaka 1980. Kabla yake zilikuwapo kinga zenye jina lake zilizotengenezwa na wengine, kama Kessels wa Ostend, lakini kiwanda chake hakikuwapo, kwa hiyo uone jinsi ile rangi ilivyoninyonya dola 40. (Angalia tu kama watu hawajapanua nyuma kwa nguvu ili kuingiza gurudumu jipya, inafanyika sana huku, na kipimo kinaharibika.)

Kisha vile vyuma vya nyuma vyenyewe. Mdogo wangu ndiye alikuwa anakwangua na ukucha, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Tumepata jina! Iko Simplex!" Nikapiga simu kwa mzee. Akasema pole, Simplex ni kiwanda cha Dijon, Ufaransa, cha derayeri (kibadilisha gia) na vipande, kiliuzia viwanda vingi. Sawa na kuona neno Campagnolo, Huret au SunTour, hao ni watu wa vipande tu. Lakini haikuwa bure. Chuma cha Simplex pale Ufaransa kimekaa nyumbani kwao, na tundu la kufungia derayeri lilikuwa laini, halina filetaji wala kile kimeno cha kuizuia, wakati la Campagnolo lina filetaji na kimeno. Hapo sasa tundu la pedalie, mabomba, gido na chuma cha nyuma vyote vinasema neno moja.

Namba ya chini ya pedalie nayo. Watu wanaipenda sana, wananitumia namba tu, "tafuta". Namba bila kiwanda ni kama namba ya simu bila kujua ni ya nchi gani. Iandike, ihifadhi, itakusaidia kujua mwaka ukishajua nani aliipiga. Kupindapinda kwake si ushahidi wa uwongo, hata viwandani walipiga kwa nyundo na mkono.

Halafu rangi. Nilitaka kumpa mtu aichome yote na dawa, mzee akanikataza, na ndiyo shauri ninalolishika kuliko yote: usivue rangi yote mbio, juu jina la kwanza mara nyingi liko chini linalala. Chukua msasa mwembamba, 800 au 1000, maji na sabuni kidogo, sugua bomba la chini pole pole kwa mviringo, futa, angalia, sugua. Machungwa ikatoka, chini yake nyeupe, chini ya nyeupe bluu kama ya mbingu asubuhi, na ndani ya ile bluu ikaanza kutokea herufi ya dhahabu. C. Moyo wangu ukaenda mbio. Y. Mdogo wangu akaleta taa ya simu. C, L, E, S. CYCLES. Na pale jina lilipopaswa kufuata, mtu mmoja huko Bulaya miaka mingi iliyopita alikuwa amepiga brosi ya chuma mpaka kwenye bati tupu. Masaa matatu ya kusugua ili kadre iniambie kwamba iko kinga.

Kwa hiyo jina la mwisho sina. Ninayo haya: Ufaransa, ama fundi Mubeleji aliyefanya kazi na vipimo vya Ufaransa, kabla ya 1980, kadre ya katikati, si ya bei kubwa. Motobécane, kinga zingine za Ufaransa, nyingi za mwisho wa miaka ya 70 zilitumia filetaji ya Uswisi, ambayo ni ileile 35 kwa 1 lakini upande wa sheni unakaza kushoto, na yangu inakaza kuume, hizo nikazitoa. Zinabaki Peugeot, Gitane, Mercier na ndugu zao wadogo.

Ile habari ya 19 na nusu, nisisahau. Baba mukubwa ana kinga nyeusi ya fren za vyuma, mbele imebandikwa plake ya Phoenix, wote tulijua iko ya Mchina. Baada ya hii shule yangu nikamwomba nipime. Bomba la pedalie milimita 76! Mistari 26 kwa inchi. Na mabega ya furshi yana vile vikofia viwili vya mviringo. Upana wa 71 au 76 pamoja na mistari 26 unakupeleka Nottingham, kwa Raleigh, ama majina aliyoyameza kama Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957. Na ilikuwapo Sen-Raleigh ya Asansol kule India, hiyo nayo iweke akilini. Gurudumu la nyuma lina moyo (kitovu chenye gia ndani) wa Sturmey-Archer umeandikwa AW na namba 58, mwaka wa kutengenezwa, ila moyo unafunguka, kwa hiyo nauhesabu shahidi mdogo. Baba mukubwa hakufurahi hata. Alisema hii Phoenix yake haijawahi kumsumbua, nisimletee maneno ya Waingereza.

Vikombe vyangu nilivipata kwa yule mzee, alivitoa ku kadre ya Peugeot ya mama iliyokatika, vimeandikwa 35x1 usoni, faranga elfu kumi na tano vyote viwili. Upande wa kushoto alipitisha kwanza kikombe kizee alichokikata mifereji na msumeno, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka mistari niliyoiua ikasimama tena kiasi. Kisha akaniachia miye mwenyewe. Kikaingia kwa vidole viwili mpaka mwisho.

Sasa iko barabarani, nimeiachia rangi zote tatu zionekane pale niliposugua. Juzi nilipita nayo Kamalondo, vijana wa kwenye kona wakasimama kupisha. "Angalia," mmoja akasema, "Eddy Merckx ya kweli."