Kijana wangu ana miaka 16, bado anaweza kuwa mpiga piano wa jukwaani?

SWALI: Habari mwalimu. Kijana wangu ana miaka 16, tunaishi Kondele hapa Kisumu. Anapiga kinanda kanisani na hajawahi fundishwa na mtu, wimbo akisikia mara moja ashaushika. Sasa tangu aone kwa simu mtu akipiga piano na orkestra nzima nyuma yake, anasema hiyo ndio kazi anataka. Rafiki yangu mwanakwaya anasema amechelewa sana. Nimkataze?
Mama, Kondele

JIBU: Mama, usimkataze. Kuchelewa amechelewa, sitakudanganya, mpiga piano Lang Lang wa China alianza akiwa na miaka 3 na wengi wa majukwaa makubwa wameanza utotoni hivo hivo. Lakini kuna Lucas Debargue wa Ufaransa, alianza na miaka 11, akaacha kabisa, akarudi kufunzwa vizuri akiwa na kama 20 hivi na mwaka wa 2015 akawa nambari 4 kwa mashindano makubwa ya piano ya Tchaikovsky kule Urusi. Ni nadra, lakini alifika.

Mimi wasiwasi wangu ni kinanda chenyewe. Muulize anapigia kii gani, yaani noti gani ndio msingi wa wimbo. Sisi wa kanisani wengi tumekua tukipigia kii moja tu, kwaya ikipanda tunabonyeza transposi, batani ya kubadilisha kii, na mashine inajipandisha, sasa kwa piano hiyo batani haiko. Alafu vile vibonyezo ni vyepesi, vingi hata ugonge hata uguse sauti ni ileile, wakati piano ina vibonyezo 88 na kila kimoja kinarusha nyundo inagonga waya, kwa hivyo sauti kubwa ama ndogo inatoka kwa kidole chako mwenyewe. Kwa hivyo aache transposi leo, achukue wimbo mmoja anaoujua na aupige kwa kii zote 12, pole pole. Sikio lake litambeba hapo.

Noti nazo ajifunze za mistari mitano, solfa ya kwaya, ile ya do re mi, haitoshi. Afuate mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, gredi 1 hadi 8, hapa Kenya inafanywa: nyimbo, skeli (noti za kii moja kwa mfuatano), kusoma noti papo hapo na mtihani wa sikio, na kabla ya gredi 6 kwa kawaida anatakiwa awe amepita nadharia ya gredi 5. Maseno hapo karibu chuo kina idara ya muziki, nenda naye mkaulize nani anafundisha piano na kama anaweza kufanyia mazoezi huko. Nairobi kuna shule ya muziki ya Kenya Conservatoire, iko tangu 1944.

Wanaoishi kwa kupiga peke yao jukwaani ni wachache sana hata Ulaya, wengi wanafundisha na kusindikiza waimbaji, na hiyo ni kazi nzuri, ajue mapema. Mkono ukiuma asimamishe, asijikaze.

Na mama, miezi ya kwanza atapiga vibaya kuliko vile anapiga kanisani saa hii, watu watakuambia amerudi nyuma. Hajarudi. Mwache agonge.