Kisukari kinavyoijeruhi mishipa ya damu

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari anahangaika na moyo wako wakati unaumwa kisukari. Jibu liko kwenye tabaka jembamba la seli linalotandika ateri kwa ndani. Seli za misuli hungoja insulini ndipo zipokee sukari nyingi, hizi hazingoji. Sukari ikizidi kwenye damu, nazo zinafurika. Mitokondria zao, yaani vijiwanda vya nishati ndani ya seli, zinazidiwa na kutoa oksijeni kali inayojeruhi kila inachogusa, tena inaimeza nitriki oksidi, ile gesi inayoulegeza mshipa. Basi mshipa unakakamaa na kunata. Lehemu mbaya inapenya chini ya tabaka na kuharibika humo, chembe nyeupe zinaifuata, zinaila mpaka zinajaa mafuta, na uvimbe unaanza kujijenga, ambao unaweza kuuziba mshipa, hata wa moyo.

Seli hizi hazisahau upesi. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, kwa wenye kisukari cha aina ya 1, uliisha 1993. Washiriki walewale waliendelea kufuatiliwa, na ripoti ya 2005 ilionyesha waliobanwa sukari vizuri tangu mwanzo walikuwa na matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa 42% kuliko wenzao waliopata tiba ya kawaida. Kliniki omba wapime presha na lehemu pia, maana vinaumiza tabaka hilohilo.