Simamisha Video Kabla Jibu Halijatoka

Walimu wengi tukibahatika kupata projekta tunawasha video ya nusu saa na kukaa pembeni mpaka kengele ilie. Wanafunzi wanafurahi, ila ukiwauliza kesho yake wameelewa nini, wanakutazama tu. Ushauri wangu: chagua kipande kifupi, kionyeshe kitu ambacho darasani kwako hakiwezekani, kisha kisimamishe pale pale kabla jibu halijatoka.

Mimi nafundisha Fizikia, na ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha Agosti 2, 1971. Mwanaanga wa Apollo 15, David Scott, amesimama mwezini, mkono mmoja kashika nyundo, mwingine unyoya wa kipanga. Kabla hajaviachia, nasimamisha. Kila mwanafunzi anaandika kwa kalamu, siyo penseli: kipi kitatangulia kufika chini, na kwa nini? Halafu wabishane na jirani zao. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Wapo watakaosema nyundo, kwa kuwa ni nzito. Wapo watakaosema vyote vitaelea, eti mwezini hakuna mvutano, na dhana hiyo bila swali lile usingeisikia hadi kwenye mtihani. Ndipo nabonyeza. Vinatua pamoja, maana mwezini hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya, na darasa zima linapiga kelele.

Narudia kwa kasi ya 0.25, mwanafunzi mmoja akipima muda kwa simu yangu. Ukigawa kwa nne unapata karibu sekunde 1.4. Vilidondoka kutoka kama mita 1.6, kwa hiyo zidisha urefu mara mbili, gawa kwa kipeo cha pili cha muda: mvutano unakuja karibu mita 1.6 kwa sekunde kwa sekunde. Kwetu duniani ni 9.8. Watoto wamepima mvutano wa mwezi wakiwa kwenye madawati yao! Sijaona maelezo ya ubaoni yanayofikia hapo.

Usitegemee intaneti ya shuleni. Video za NASA zinapakuliwa bure kwenye tovuti yao, basi pakua nyumbani uweke kwenye flashi. Umeme ukikatika, kompyuta yenye chaji inatosha kuonyesha kundi moja moja. Sauti mimi naizima, kwa sababu Kiingereza cha redio ya mwezini hakisikiki vizuri hata kwangu, nami nataka wanisikilize mimi na wasikilizane wao.

Kinachowezekana kwa mikono kifanywe kwa mikono. Baada ya video nawapa daftari na kipande cha karatasi kidogo kuliko daftari. Wakiviachia kila kimoja peke yake, karatasi inachelewa. Wakiilaza karatasi juu ya daftari, vinashuka pamoja, maana daftari limeikinga na hewa. Kila mmoja anajaribu mwenyewe, na wakati huo projekta nimeshaizima.