Droni na damu ya dharura

Umeuliza kama teknolojia inamfikia kweli mgonjwa wa kijijini au inaishia mjini. Inamfikia. Rwanda, tangu 2016, droni (ndege ndogo zisizo na rubani) za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitali za mbali: daktari anaagiza, kifurushi kinashushwa kwa parachuti ndogo. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, dakika zinazookolewa hivyo ni uhai. Na damu haiwekwi akiba ovyo kila kituo, kwani chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Bora zikae ghala moja, zirushwe zinapohitajika. Ila (na hili linaniuma) droni haimtundikii mgonjwa damu. Anayeitundika ni muuguzi, na huko vijijini wauguzi bado ni wachache mno.