Maswali ya Wasomaji: Kijana Wangu Apelekwe Kurekebishwa?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kisauni. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, na mwezi uliopita alinieleza huku akilia kwamba hajapata kuvutiwa na wasichana, bali huvutiwa na wavulana wenzake. Mjomba wake amepata habari za kituo kimoja nje ya mji ambako vijana kama yeye hufungiwa ndani miezi mitatu, huamshwa usiku kusomewa, hunyweshwa makombe na, kwa maneno ya mjomba mwenyewe, hutiwa adabu kidogo. Tumetakiwa tutangulize nusu ya malipo kabla ya Ijumaa. Nimesikia redioni kwamba ziko nchi zilizopiga marufuku mambo haya. Je, ni kweli? Na hapa Kenya sheria yasemaje?
Mama mwenye mashaka, Kisauni

JIBU: Mama yetu, kabla ya yote nakusihi usizitoe pesa hizo.

Ulivyosikia ni kweli. Brazil ilitangulia mwaka 1999, pale baraza linalosimamia wanasaikolojia lilipowakataza wanachama wake kutoa tiba ya kubadilisha mapenzi ya mtu. Malta ilitunga sheria Desemba 2016, ya kwanza barani Ulaya. Ujerumani ikafuata 2020, na Kanada, Ufaransa na New Zealand sheria zao zikaanza kazi 2022. Ya Kanada ni kali: adhabu yafika kifungo cha miaka 5, na ni kosa pia kumtoa mtoto nchini ili akafanyiwe tiba hiyo kwingineko. Marekani mambo hutofautiana jimbo kwa jimbo. California ilianza 2012 kwa kuwalinda walio chini ya miaka 18, na wapinzani wa sheria za namna hii wamekwenda mahakamani wakidai kwamba maneno ya mshauri yanalindwa na uhuru wa kusema.

Kisa kitakachokugusa zaidi kilitokea India. Wasichana wawili waliopendana waliwakimbia wazazi wao wakahamia Chennai, wazazi wakawatafuta kupitia polisi, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Madras mbele ya Jaji Anand Venkatesh. Jaji huyo alikiri waziwazi kwamba hakuwa akiyaelewa mambo haya, akaomba yeye mwenyewe akae na mwanasaikolojia amwelimishe kabla ya kutoa uamuzi, na wazazi nao akawaelekeza kwa mshauri badala ya kuwakaripia. Juni 2021 aliamuru jaribio lolote la kitabibu la kuwabadilisha watu wanaovutiwa na wa jinsia yao likomeshwe, na mwaka uliofuata baraza la matibabu la nchi hiyo likatangaza kwamba daktari anayelifanya amekiuka maadili ya kazi yake.

Sababu ya sheria zote hizi ni moja. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, na hakuna tiba iliyothibitika kuyabadilisha. Kilichothibitika ni madhara, yakiwemo sonona na fikra za kujiua. Mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa, Victor Madrigal-Borloz, alitaka vitendo hivi vipigwe marufuku duniani kote.

Kwetu hakuna sheria inayotaja tiba hii kwa jina. Tena Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 162 na 165, bado yaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Lakini vifungu hivyo vyahukumu tendo, si hisia za mtoto aliyemfungulia mamake moyo. Katiba, kifungu cha 29, yakataza mateso na adhabu ya viboko, na cha 53 chamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili. Mahakama ya Rufaa iliyoketi papa hapa Mombasa iliamua Machi 2018 kwamba kuwalazimisha wanaume wawili waliokamatwa Kwale wakaguliwe miili yao ili kuthibitisha ushoga kulivunja haki zao. Ikiwa hata mshtakiwa alindwa hivyo, kaka yako hana ruhusa ya kumfungia mwanao, wala mwenye kituo hana.

Mwambie kaka yako hivyo, ukiwa na mtu mzima mwingine mnayemheshimu. Wakijaribu kumchukua kwa nguvu, piga simu ya watoto, 116, ambayo haina malipo. Ukimtafutia mshauri, muulize kwanza lengo lake. Akisema atambadilisha, ondoka. Na usiku huu kaa na kijana wako umwambie kwamba haendi popote, kwani mtoto aliyetoa siri kama hiyo hulala akisikiliza kila neno linalosemwa sebuleni.

SWALI: Je, sheria hizo za ng'ambo zamzuia mzazi kuzungumza na mwanawe, au imamu na kasisi kuomba dua?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kwa jumla, hapana. Sheria ya Kanada yaruhusu mazungumzo ya kumsaidia mtu kujielewa, mradi yasianze na dhana kwamba aina moja ya mapenzi ni bora kuliko nyingine. Jimbo la Victoria, Australia, limekwenda mbali zaidi: huko hata maombi yanayoelekezwa kwa mtu fulani kwa nia ya kumbadilisha yamo katika katazo, ingawa mahubiri ya kawaida ya imani hayamo.